Tone la Baridi Lisilo na Maji

Ni jioni ya Julai, Dar es Salaam, kusi linavuma, na mama anatoka uani kuanua nguo. Kanga zimekauka, hilo halina mjadala, zinavyopigapiga kwenye kamba zinasikika hadi jikoni. Suruali ya jinzi ndiyo yenye utata. Anaibana kiunoni kwa viganja viwili, haelewi. Anapapasa mishono ya mifuko, bado haelewi. Mwishowe anaibandika shavuni, anatulia kama anayesikiliza kitu, kisha anatoa hukumu: “Hii bado mbichi, mwanangu, iache.” Mwanawe haiachi. Anaiingiza ndani, anaitupa kitandani, na nusu saa baadaye imepata joto la chumba na ni kavu kama karatasi. Ilikuwa kavu tangu alasiri. Ilichokuwa nacho ni baridi tu.

Kila aliyewahi kuanua nguo magharibi amekosea hivyo, na kosa hilo ndilo mlango wa kuelewa jambo linalowasumbua watu kimyakimya: kuhisi tone la maji limedondoka mkononi, ukitazama hakuna kitu, kuhisi paja limelowa ilhali kitambaa ni kikavu, kuhisi unyayo mmoja umekanyaga barafu katikati ya joto la Mombasa. Wapo wanaokaa nalo miaka bila kulisema, maana ukimwambia ndugu utaambiwa una pepo, na ukimwambia rafiki utachekwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu hao.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ngozi ya binadamu haijui maji. Ina vipokezi vya baridi, joto, mguso, mkandamizo, mtetemo, mwasho na maumivu. Cha unyevu hakimo. Mende ametuzidi hapo: papasi zake zina vihisio vya unyevunyevu wa hewa. Binadamu hana, kwa hiyo ubongo wake hukisia. Ukipokea habari ya baridi na ya mguso mwepesi kutoka mahali pamoja, unaziunganisha na kutangaza “maji”. Mara nyingi unapatia, kwa sababu ngozi ya mkono huwa na joto la nyuzi 32 hadi 34 hivi za Selsiasi, na maji ya kawaida huinyang'anya joto hilo yanapoigusa na yanapokauka juu yake. Lakini kisio ni kisio. Ikija baridi bila maji, jibu linaweza kuwa lilelile.

Mwaka 1900, Bentley, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwavisha watu mpira mwembamba vidoleni, akawafumba macho, akavichovya vidole kwenye vimiminika. Vidole vilikuwa vikavu ndani ya mpira, wenyewe wakasema vimelowa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mnamo 2014, Davide Filingeri na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walionyesha kwamba mishipa inayobeba baridi na mguso ikidhoofishwa kwa muda, hata maji ya kweli huhisiwa kidogo. Walikuwa tayari wameonyesha kwamba kitu kikavu kinachopoza ngozi kwa kasi kinaweza kumfanya mtu aseme amelowa.

Huhitaji maabara kulijaribu hili. Vaa glavu nyembamba ya mpira, ile ya zahanati (mfuko wa plastiki ungefaa pia, ila Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019), kisha tumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji baridi, usipite kifundo cha mkono. Utaapa kwamba maji yameingia. Vua glavu: vidole vikavu. Sasa fanya kinyume. Changanya maji ya moto na ya baridi hadi usihisi moto wala baridi, tumbukiza mkono mtupu, utulie bila kuchezesha hata kidole. Baada ya muda maji yanapotea! Kinachobaki ni mstari mwembamba unaouzunguka mkono pale uso wa maji ulipo.

Baridi ina udanganyifu mwingine. Katika karne ya 19 Ernst Heinrich Weber, profesa wa Leipzig, Ujerumani, aliweka sarafu za fedha kwenye paji la uso la mtu na kugundua kwamba sarafu iliyopozwa huhisiwa kuwa nzito kuliko yenye joto, ingawa uzito ni mmoja. Sarafu hizo ziliitwa thaler. Ndugu yao mmoja, thaler yenye sura ya Maria Theresa, ndiye aliyetembea sana katika masoko ya Unguja ya zama hizo kwa jina la riale.

Na wala huhitaji kitu cha baridi ili kuhisi baridi. Anayemumunya pipi kifua kisha akanywa maji ya kawaida anaijua siri hiyo: kinywa kinakuwa kama kimefunguliwa friji. Mentholi haipozi kitu. Inabonyeza kitufe kilekile ambacho baridi ya kweli hukibonyeza, kipokezi kiitwacho TRPM8, kilichotambuliwa mwaka 2002 na maabara mbili, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, wote wa Marekani. Kazi yao juu ya joto na mguso iliwapa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Ikiwa pipi inaweza kukibonyeza kitufe hicho, basi sukari iliyozidi, mshipa uliobanwa, sumu ya samaki na dawa za saratani nazo zinaweza kuvuruga habari ya baridi njiani. Swali basi si “maji haya yanatoka wapi?” Swali ni “waya umeguswa sehemu gani?”

Wazee walikuwa na akili hiyo kwa namna yao. Tiba ya zamani iliyofika pwani kupitia vitabu vya Waarabu ilimpima mtu kwa vipimo viwili tofauti: hari na baridi upande mmoja, yabisi na rutuba upande wa pili. Balghamu ilihesabiwa kuwa ya baridi na rutuba, sauda ya baridi na yabisi. Hapo ndipo Kiswahili kilipobaki na jina “baridi yabisi” kwa maumivu ya viungo, yaani baridi kavu, na watu hulitamka kila siku bila kufikiri. Nadharia yenyewe imepitwa na wakati. Lakini kutenganisha baridi na unyevu kabla ya kusema lolote ni desturi nzuri, na mwongozo huu unaanzia hapohapo.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta maji ya kweli. Inachekesha, lakini usiruke. Kiyoyozi cha ofisi kinachodondosha tone moja kila dakika kumi kinatosha kumpeleka mtu kwa mganga. Jasho likiteleza taratibu mgongoni huhisiwa kama mdudu. Dawa ya kutakasa mikono huacha ubaridi kwa sababu spiriti hukauka upesi. Aliyempaka mtoto dawa ya kuchua kifua kisha akajishika shingo atahisi upepo shingoni kwa muda mrefu. Bandika karatasi laini kavu mahali pale, ukandamize kidogo, uitazame kwenye mwanga. Ikilowa, una maji, na maji yana chanzo.

Vyanzo vingine huonewa haya. Mwanamke aliyejifungua anaweza kuvuja mkojo kidogokidogo akadhani ni hisia tu. Tatizo hilo lina matibabu, na likiwa ni la kuvuja mfululizo baada ya uzazi mgumu huenda ni fistula, ambayo hufanyiwa upasuaji. Mjamzito anayehisi majimaji yanateremka asisubiri kuthibitisha nyumbani, aende kliniki siku hiyohiyo. Na mtu aliyegongwa kichwa, kisha puani au sikioni yakatoka maji meupe kama ya kunywa, hana mafua, apelekwe hospitali.

Karatasi ikibaki kavu, ita mtu. Hatua hii watu huisahau, nayo ndiyo inayofunua mengi kuliko zote. Mwambie mkeo, mumeo, au mtoto mkubwa aguse pale unapohisi baridi kwa nyuma ya kiganja chake, kisha aguse mahali palepale upande wa pili wa mwili, na aseme bila kukuonea huruma: ngozi ni ya baridi kweli, au wewe ndiye unayeihisi hivyo?

Ngozi ikiwa ya baridi kweli kwenye vidole au nyayo, fikiria damu. Mwaka 1862 Maurice Raynaud, daktari wa Ufaransa, alieleza watu ambao vidole vyao vinapogusa baridi, au wanapofadhaika, hugeuka vyeupe, halafu rangi ya bluu, halafu vyekundu damu inaporudi. Kwenye ngozi nyeusi weupe huo huonekana kama kijivu au kupauka, hivyo tazama pia viganja na kucha. Kwa vijana wengi ni usumbufu tu. Tatizo likianza ukubwani, au likija na vidonda vya ncha za vidole, linahitaji uchunguzi. Mvutaji sigara au mwenye kisukari ambaye mguu wake ni wa baridi, na shavu la mguu linamuuma akitembea kisha linatulia akisimama, huenda mishipa yake ya damu imeziba kiasi. Mguu uliopoa ghafla, ukapauka na kuuma vibaya, hauna mjadala wa kesho. Saa chache zinaweza kuamua kama utabaki.

Ngozi ikiwa ya moto na mwenyewe anaomba blanketi, ni homa. Ubongo umepandisha kiwango cha joto unachokitaka, mwili wa nyuzi 37 unaonekana kwake kuwa umepoa, ndiyo maana misuli inatetemeka kutafuta joto. Pima malaria kabla ya kununua dawa.

Wapo pia wanaohisi baridi mwili mzima kwa miezi, wakati wenzao wanajipepea. Kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, thairoidi, huanza kutoa majibu. Safura, upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, bado ni sababu ya kweli kwa wanaotembea peku mashambani.

Sasa lililo gumu zaidi: ngozi ina joto lake la kawaida, kavu, mguso wa mwenzako hauoni tofauti yoyote, na bado wewe unahisi barafu au maji. Hapo habari imepotoshwa ndani ya mshipa wa fahamu, uti wa mgongo au ubongo. Chukua kalamu ya wino na uchore mpaka wa hisia hiyo juu ya ngozi yenyewe, kisha upige picha kwa simu. Usicheke. Umbo la mchoro huo lina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Mchoro ukifanana na soksi mbili, miguu yote miwili kuanzia vidoleni kupanda juu, mtuhumiwa wa kwanza ni kisukari. Mishipa mirefu zaidi ndiyo huumia mwanzo, kwa hiyo nyayo hutangulia na mikono hufuata baadaye sana. Mtu huvaa soksi kulala kwa kuhisi baridi, saa saba usiku anazivua kwa kuhisi moto. Pima sukari hata kama hakuna kisukari kwenye ukoo. Pombe nyingi ya muda mrefu huleta hali hiyohiyo, na upungufu wa vitamini B12 pia, hasa kwa asiyekula kabisa vyakula vya wanyama, na kwa mgonjwa wa kisukari aliyetumia metformini kwa miaka, kwani dawa hiyo hupunguza B12 mwilini. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu na ya kukizuia, inaweza kufanya vivyo hivyo. Ndiyo sababu hutolewa pamoja na vitamini B6. Ukiwa umepewa vidonge viwili ukawa unameza kimoja kwa sababu kile kidogo “ni vitamini tu”, hapo ndipo pa kurekebisha. Usiache dawa yenyewe bila kuzungumza na aliyekuandikia.

Mchoro ukiwa kama jani kubwa kwenye upande wa nje wa paja, hauvuki goti, hauingii upande wa ndani, jina lake ni meralgia parestetika. Mshipa mmoja mwembamba wa hisia hupita karibu na mfupa wa nyonga, chini ya kano ya kinena, na mkanda wa suruali, kitambi, mimba au suruali ya kubana huukandamiza pale. Wengine huhisi moto, wengine ganzi, wengine huapa mtu kawamwagia maji. Madaktari Bernhardt wa Berlin na Roth wa Moscow waliueleza ugonjwa huu mwaka 1895, na mwaka huohuo daktari mmoja wa Vienna aliandika kuhusu paja lake mwenyewe lililomsumbua hivyo. Aliitwa Sigmund Freud. Kwa mtu ambaye baadaye angetafuta maana ndani ya kila ndoto, inafurahisha kwamba hapa alitulia na kulaumu mshipa. Mshipa huu hauendeshi msuli wowote, kwa hiyo paja lenye meralgia halilegei. Likilegea, tafuta sababu nyingine.

Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikihisi maji au umeme usiku hadi mtu anaamka kukung'uta mkono, mshipa umebanwa kwenye kifundo. Mafundi cherehani na wajawazito wanalijua tatizo hili. Ubaridi unaoshuka kutoka kalioni nyuma ya mguu hadi nje ya unyayo huanzia mara nyingi kwenye pingili za kiuno.

Utepe unaozunguka nusu tu ya kifua au tumbo, ukaishia katikati ya mwili kama uliokatwa kwa wembe, una jina maarufu: mkanda wa jeshi. Siku chache kabla malengelenge hayajatoka, ngozi ya utepe huo huweza kuwasha, kuchoma, au kuhisi kama imemwagiwa barafu, na mtu akatibiwa mbavu au kidonda cha tumbo. Tazama ngozi kila asubuhi. Malengelenge ya kwanza yakionekana, dawa ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Kwa kijana, mkanda wa jeshi ni sababu ya kupima VVU kama hajapima karibuni.

Kisha kuna mchoro ambao watu huukaribisha kwa sababu hauumi. Ni baka lililopauka au lenye wekundu, pengine kavu, lisilotoa jasho, na ndani yake baridi ni hafifu au haipo kabisa. Ukoma huanza hivyo, na mara nyingi hisia ya moto na baridi hupotea kabla ya mguso. Jaribu: chovya kijiko kimoja kwenye maji baridi, kingine kwenye maji vuguvugu, vikaushe, funga macho, na mwenzako aviguse kwa zamu ndani ya baka na nje yake huku wewe ukitaja. Ukikosea ndani na kupatia nje, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo. Tiba ni ya miezi 6 au 12 kutegemea aina, na tangu 1995 Shirika la Afya Duniani limewezesha dawa zake zitolewe bure. Jaribio hilohilo la vijiko lifanyike kwenye mchoro wowote uliouchora. Hisia iliyoongezeka, maji yasiyokuwepo, huudhi. Hisia iliyokosekana ndiyo inayounguza watu.

Na huunguza kwelikweli. Anayehisi miguu ya baridi hukimbilia chupa ya maji ya moto, mchanga uliokaangwa, au jiko la mkaa chini ya kiti. Mwenye kisukari asiyehisi joto ataona malengelenge kabla hajahisi moto, na kidonda cha unyayo kwake ni safari ndefu. Soksi nene zinatosha. Maji ya kuoshea miguu yapimwe kwa kiwiko, au na mtoto.

Nusu nzima ya mwili ikibadilika, mkono na mguu wa upande mmoja, usitafute sababu kwenye mguu. Njia ya baridi na maumivu ndani ya uti wa mgongo huvuka kwenda upande wa pili, wakati njia ya mguso mwepesi hupanda upande wake mpaka juu. Aliyelionyesha hilo katikati ya karne ya 19 ni mtoto wa Bahari ya Hindi, Brown-Séquard, aliyezaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817. Ndiyo maana mtu anaweza kuguswa mguu wa kushoto akajua ameguswa, lakini asijue kama kijiko ni cha moto, na tatizo likawa upande wa kulia wa mgongo wake. Badiliko hilo likija ghafla na mdomo ukapinda au ulimi ukawa mzito, huo ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na ganzi inayokaa pale makalio yanapogusa tandiko la baiskeli, pamoja na mkojo kugoma au kutoka wenyewe, ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Waswahili wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini watasikia pia jina la sklerosisi anuwai, ugonjwa wa ganda la mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, ambao ni adimu Afrika Mashariki na wa kawaida zaidi nchi za mbali na ikweta. Wenye ugonjwa huo hueleza maji yanayotiririka mguuni kwa siku au wiki, au umeme unaoshuka mgongoni wakiinamisha shingo. Akiusikia mtu aliyesoma intaneti usiku, hujipa ugonjwa kabla ya alfajiri. Tone la sekunde mbili si wiki mbili.

Pwani kuna sababu moja ambayo daktari wa bara huenda asiifikirie: samaki. Vijimea vya kwenye miamba ya matumbawe hutoa sumu ya siguatera, wadogo huila, wakubwa huwala wadogo, na sumu hujilimbikiza kwa chewa wakubwa, mikunga na mizia. Mauritius na Réunion wanaifahamu vizuri. Kupika hakuiondoi, wala barafu, wala chumvi, na samaki hana harufu mbaya. Mtu hutapika na kuhara, midomo na vidole vinamsisimka, kisha linakuja la ajabu: akishika glasi ya maji baridi inamchoma kama kaa la moto. Linaweza kudumu wiki kadhaa. Ukikumbuka samaki wa juzi, mtaje, na utaje waliokula naye. Oksaliplatini, dawa ya saratani ya utumbo mpana, huleta kioja kinachofanana, ndiyo maana wanaoitumia hushauriwa wasinywe vya baridi siku zinazofuata dozi.

Na pepo? Wengi husomewa kwanza, na kisomo hakijamuumiza mtu. Kinachoumiza ni miezi inayopita, na chale za wembe uliotumika kwa wengine. Mtu asilazimishwe kuchagua. Asomewe na apimwe sukari wiki hiyohiyo. Hofu nayo ina mkono wake: anayepumua haraka kwa wasiwasi hupunguza kabonidayoksaidi kwenye damu, na sisimizi huanza kutembea midomoni na vidoleni. Ila yule anayeshikilia kwamba kuna mtu anammwagia maji kila usiku, na ushahidi haumbadilishi, asibishiwe. Apelekwe taratibu kwa daktari wa afya ya akili.

Yanayobaki ni mengi na hayana neno. Tone moja linalokuja leo bega, mwezi ujao goti, likaisha kabla hujageuza kichwa, bila ganzi wala udhaifu, ni mshipa umejisemea tu. Lipe wiki mbili za kuandika kwenye daftari: saa, mahali, limekaa muda gani, ulikuwa unafanya nini. Daftari likibaki na mistari mitatu, lifunge. Likijaa, libebe.

Namna jambo hili linavyosemwa kwenye kituo cha afya hubadilisha kila kitu. “Nasikia baridi” humpeleka tabibu moja kwa moja kwenye malaria. Mfikirie dereva wa basi la masafa, umri miaka 48, anayeingia chumba cha tabibu kijana.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Paja langu la kulia linalowa, nje hapa, na kila nikipapasa ni kavu. Mwezi wa pili huu. Nikiwa kwenye usukani huzidi, nikisimama kituoni hupungua.”

Anatoa simu na kuonyesha picha: jani la wino wa bluu kutoka nyongani hadi juu kidogo ya goti. Tabibu anachukua kipande cha pamba, anagusa ndani ya jani na nje yake, paja la kulia na la kushoto. Anamwambia anyooshe goti huku akilizuia kwa mkono, lina nguvu. Anapima sukari kwa tone la damu la kidoleni. Halafu anatazama kiuno cha mgeni wake, pale ngozi ya mkanda ilipojikunja chini ya tumbo na funguo za basi ziliponing'inia upande wa kulia.

“Baba, huu mkanda unaufunga tundu la ngapi?”

“La mwisho. Suruali itaanguka.”

“Legeza matundu mawili, utafute suspenda. Funguo zihamie dashibodi. Urudi baada ya wiki sita, na hiyo picha usiifute.”